Kiingereza cha Bokilo, Kisangani hadi Kampala

Tangu nirudi, karakana yangu ya Kabondo imepata wateja ambao sikuwahi kuwaona hata katika joto la mwezi wa pili. Watu wanaleta feni zinazozunguka vizuri kabisa, wanakaa kwenye benchi, wanalalamikia umeme wa Tshopo kwa dakika tatu, kisha wanauliza kwa upole mkubwa: "Na Solange, iko namna gani?" Nawashukuru kwa kuzijali feni zenu. Nimeamua kuandika mara moja, mpeane wenyewe kwa wenyewe, ili nipate nafasi ya kutengeneza vitu vilivyoharibika kweli.

Solange ni mke wangu. Aliondoka kwenda Kampala kujifunza Kiingereza kwa miezi sita, kama wanavyofanya vijana wengi wa mji huu. Miezi sita ikawa kumi na minne. Hapa mtaani mlikuwa mmeshampa mwanaume, mkamnunulia mwanaume huyo gari, na wengine walijua hata rangi yake. Yeye kwenye simu alisema neno lile lile kila wiki: kuja huku, Placide. Nami nilimjibu kwamba nitakuja siku Waganda watakapoishiwa na mafundi wa friji. Niliona ni jibu la kuchekesha sana.

Ndipo mama yake akaamua kwenda kuona kwa macho yake. Katika ukoo wao, watu waliotoka Opala, mama wa mke ndiye anayesema kama ndoa bado ipo au imekwisha, na akishasema hakuna mkutano mwingine. Mimi nilitakiwa kuwepo ili nisikilizwe. Kwa hiyo nilisafiri kama mshitakiwa anayembebea hakimu mizigo.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu: bokilo ni mkwe, hapa mama yake Solange, na mama mkwe katika ukoo huo si mtu wa kuzoeana naye. Sisemi naye moja kwa moja, hatukai benchi moja, sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Ni heshima, na inadumu muda wote ndoa inapodumu; ndoa ikiisha, nayo inaisha. Katika miaka saba nilikuwa nimeujua vizuri sana mgongo wake. Tukiwa na jambo la kuambiana, tunamwambia mtu wa tatu, hata kama tumetengana kwa mikono miwili tu, na huyo mtu analirudia neno ambalo mwenzake ameshalisikia.

Kabondo, darasani

Safari yetu ilianza kabla ya gari. Nilijiandikisha kwenye masomo ya Kiingereza nyuma ya kanisa, saa kumi za mchana, ili Solange akipiga simu nimwambie najiandaa. Siku ya pili nikakuta bokilo ameketi mstari wa mbele, chini ya ubao, na daftari jipya. Yeye anauza vitenge sokoni na alikuwa na sababu zake. Nikahamia karibu na mlango.

Mwalimu wetu tulimwita Teacher, kwa sababu alikuwa ameishi Kampala miezi mitatu na hakupenda kuitwa jina lingine. Alitufundisha kutoka kwenye kijitabu cha fotokopi ambacho kurasa zake za katikati zilikuwa zimeliwa na mchwa. Tulijifunza kuomba chumba kinachoangalia bahari. Tulijifunza kuuliza treni ya Jumapili inaondoka saa ngapi, swali ambalo hapa Kisangani hata ukiliuliza kwa Lingala watu watakuhurumia. Nilijua majina ya vijiko vitatu vya aina tofauti kabla sijajua kusema kwamba nimechoka.

Siku moja Teacher akatupanga wawili wawili kucheza mkahawa. Mimi niwe mhudumu, bokilo awe mteja. Darasa zima likageuka kututazama. Mimi nikasema tumbo linaniuma, yeye akasema simu yake inaita, na tukatoka kwa milango miwili tofauti. Teacher alituandikia sifuri sote.

Kisangani hadi Bafwasende

Tuliondoka watatu. Wa tatu alikuwa Tonton Albert, mdogo wake bokilo, aliyechukuliwa kwa kazi moja tu ya kubeba maneno kati yetu. Aliifanya kwa moyo wote. Kwenye jipu bokilo alikaa mbele kwa dereva, mimi nyuma juu ya magunia ya chumvi, na Tonton katikati akigeuza shingo kama feni ya mezani.

Tatizo la Tonton ni kwamba aliyaona maneno yetu kuwa membamba. Bokilo akisema dereva apunguze mwendo, mimi nilipata hotuba ya mwendo, mauti na Mungu. Nami niliposema mvua inakuja tufunike mizigo, nikamsikia akimwambia dada yake kwamba mkwe anaona dalili mbaya juu ya safari yote. Bokilo akapiga ishara ya msalaba. Nilitamani kurekebisha lakini ningerekebisha kupitia kwake yeye huyo huyo.

Bafwasende tulifika tumepakwa udongo mwekundu hadi kwenye meno. Tulikula lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki wa liboke aliyepikwa ndani ya majani, bokilo ndani ya nyumba, mimi nje nyuma ya ukuta, na Tonton akala sehemu zote mbili, maana mjumbe hana mipaka.

Nia-Nia

Hapa tulimpoteza Tonton Albert. Msiogope, yuko hai na amenenepa. Tulishuka kutafuta lori, tukasikia vilio vya matanga nyuma ya soko. Tonton akauliza marehemu ni nani. Hakumjua. Akauliza alikuwa wa ukoo gani, na kwa kuulizauliza ikatokea kwamba bibi ya marehemu na bibi yake yeye walitoka kijiji kimoja. Wakati huo mbuzi wawili walikuwa wamefungwa pale uani. Tonton akavua kofia, akaanza kulia kwa sauti kubwa kuliko wajane, na akatutumia ujumbe kwamba hawezi kumwacha ndugu yake katika hali ile.

Kwa hiyo tukabaki wawili, mimi na bokilo, na zaidi ya siku tano za njia mbele yetu, bila mtu wa tatu.

Nia-Nia hadi Mambasa

Lori lilikuwa la maharagwe, na juu ya maharagwe tulikuwa abiria kumi na mmoja. Nilipata mtu wa tatu haraka: Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo, aliyekuwa ameketi kati yetu bila kujua ameketi kwenye kiti cha kazi. Nilimwomba amwambie yule mama pale kwamba kuna tawi linakuja, ainamishe kichwa. Alimwambia. Bokilo naye akamwomba aniambie asante. Aliniambia. Tulipofika neno la kumi hivi, Mama Kavira alichoka.

"Bon, lakini muko naikala pamoja hapa hapa," alisema. "Yeye anakusikia, na weye unamusikia. Miye niko redio?"

Baada ya hapo lori likakwama. Mbele yetu kulikuwa na malori manne yamezama kwenye shimo la matope ambalo, kwa ukubwa wake, lingestahili kuwa na chifu wake. Tukakaa siku mbili. Madereva walichimba, wakagombana, wakalala chini ya magari. Watu wa kijiji cha jirani walituletea ndizi za kuchoma na asali, na bei ilipanda kila tulipozidi kukwama, kwa huruma.

Siku ya kwanza bokilo hakula. Hakukuwa na ukuta, na mimi nilikuwa upande huu wa lori. Nilipohamia upande ule, yeye naye alikuwa amehamia upande ule ili kunikwepa. Tulizungukana hivyo hadi jioni, kila mmoja na njaa yake na heshima yake.

Siku ya pili saa kumi za mchana, nikiwa nimekaa kwenye gogo na mgongo wangu kwake, nikasikia sauti nyuma yangu ikisema taratibu, neno moja moja, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe: "Good morning, sir."

Niligeuza kichwa kidogo. Alikuwa anautazama mti.

Nikamsikia akimweleza Mama Kavira, kwa sauti ya kutosha nami nisikie, kwamba amefikiria tangu jana. Wakubwa walikataza kusema na mkwe kwa kilugha chao, kisha Kiswahili na Lingala zikaingia na katazo likazifuata. Lakini Kiingereza hawakukijua. Hakuna mtu aliyekikataza. Na darasani alikuwa amekataa kwa sababu ya macho ya watu, ila huku porini macho ni ya nyani. Mama Kavira alisema kwamba yeye haoni tatizo, mradi apumzike.

"Good morning, madam," nikauambia mti wangu. "How are you?"

"I am fine. Are you hungry?"

Katika miaka saba hakuna aliyewahi kunibebea swali kama hilo kutoka kwake. Nilijibu kwamba ndiyo, nina njaa sana. Akaweka ndizi mbili juu ya jani, akazisukuma kwa fimbo hadi karibu na gogo langu, akarudi akanipa mgongo. Tukala hivyo, mgongo kwa mgongo, na lori likiendelea kuzama.

Epulu, kizuizini

Lori lilipotoka matopeni tulikuwa hatunyamazi. Tuliambiana kwamba jua ni kali, kwamba daraja ni la zamani, kwamba tungependa chumba kinachoangalia bahari. Kila kilichokuwa kwenye kijitabu tulikitumia, kiwe kinafaa au hakifai. Niliomba kijiko cha supu mahali ambapo hapakuwa na supu, na bokilo akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Kizuizini Epulu, bwana anayeshika kamba ya kufunga barabara alitusikia. Akamvuta Mama Kavira pembeni na kumuuliza hawa wageni wawili ni wa misheni gani. Mama Kavira akamwambia ni misheni ya wajinga. Bwana hakujua misheni hiyo lakini aliona ni busara kuiheshimu, na akatuletea viti vya plastiki viwili, akaviweka pamoja. Ilibidi nisimame muda wote nikisema napenda kusimama.

Mambasa hadi Bunia

Hapa sina mzaha wa kutosha, mtanisamehe.

Tulikuwa kwenye basi dogo kutoka Komanda, yeye kiti cha mbele yangu, mimi nikiangalia kitambaa cha kichwa chake. Alikuwa ameniambia kwa Kiingereza chake habari za marehemu mume wake: alikuwa mtu mwema, hakusema sana. Kisha akaegemeza kichwa dirishani. Nilidhani amelala.

"Do you love my daughter?"

Swali hilo halimo kwenye kijitabu. Alilitengeneza mwenyewe, kipande kwa kipande, na nadhani alikuwa ameanza kulitengeneza tangu Nia-Nia.

Mnanijua. Kwa Kiswahili ningejibu kwamba kama simpendi basi nimekuja Ituri kutafuta asali. Kwa Kifaransa ningezunguka robo saa nikatokea upande mwingine bila kugusa kitu. Lakini kwa Kiingereza nilikuwa na maneno kama mia mbili, na sehemu kubwa ilikuwa vyombo vya hoteli. Sikuweza kufanya mzaha. Nilitafuta na kutafuta, na yaliyokuwepo yalikuwa haya tu: nampenda, naogopa, kule yeye ni mkubwa, kule mimi ni mdogo. Nikayasema hayo hayo. Yalitoka mabaya, na yalikuwa kweli, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Solange. Zaidi sana Solange.

Bokilo hakugeuka. Baadaye akasema, "Tell her." Mwambie. Kisha akaongeza, "Like this." Hivyo hivyo.

Nikasema ndiyo. Pale Bunia tukanunua jibini ya Wahema, akala mbele ya duka na mimi nyuma ya duka, na nilikuwa na furaha kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mahagi na ng'ambo

Kiingereza chetu kilikutana na wenyewe mpakani. Afisa wa Uganda alituuliza jambo fulani haraka sana. Tukamwambia tuko wazima, asante. Akauliza tena. Bokilo akamwambia jina lake na kwamba anatoka Kisangani, mji mkubwa kando ya mto. Mara ya nne akachoka, akatuuliza kwa Kiswahili cha kambi za jeshi, "Mama, nyinyi mnaenda wapi?" Tulimjibu, akatupitisha. Bokilo alikasirika hadi Pakwach. Aliona yule afisa hakusoma vizuri.

Kutoka hapo barabara ni ya lami, kwa hiyo hakuna cha kusimulia. Mnapita haraka, mnauziwa muhogo na mishikaki dirishani, mnafika. Watu wa nchi zenye barabara hawana hadithi.

Kampala

Solange alitupokea kwenye kituo cha mabasi. Samahani kwa waliokuwa wameshaona gari: alikuja kwa miguu, na mwanaume hayupo. Kuna chumba kimoja, jiko la makaa, na nyuma ya kanisa fulani kuna darasa la Wakongomani waliofika karibuni, na anayefundisha ni yeye. Alitupeleka tukamwona. Watu wazima ishirini wanamwita Madam. Hana kijitabu chochote. Anawafundisha kuuliza bei ya chumba, kumweleza daktari mahali panapouma, kukataa kazi isiyolipwa. Nilisimama mlangoni nikaona kwamba hatarudi kuuza mikate Kabondo kama zamani, na kwamba yuko sahihi.

Alasiri tuliketi chumbani, bokilo karibu na mlango, mgongo kwetu kama desturi. Solange hakuzunguka.

"Placide, nilikuita mwaka muzima," alisema. "Sasa umefika. Unabaki na miye huku, ao unarudi?"

Nilikuwa nayo yale maneno. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima kutoka Bunia, basi kwa basi. Lakini alikuwa ameniuliza kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu maneno yangu yote mengine yalikuwepo pia, yamepanga mstari, yananisubiri. Nikasema, "Bon, kwanza nione kama friji za huku zinajua kuharibika."

Hakucheka. Alisubiri. Kutoka mlangoni, bila kugeuka, bokilo akasema, "Tell her."

Solange akashtuka, akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi. Akauliza tangu lini mama anasema na mkwe wake. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa, ningepita. Badala yake nikasema kwamba mimi na mama yake tumefungua misheni, na kwamba tunatafuta wafadhili.

"Basi," akasema Solange. "Nimesikia." Akachukua chaki zake akaenda darasani.

Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Mmenizoea mkicheka, nami nimezoea kuwachekesha, na nadhani nilidhani hiyo ndiyo kazi ya mdomo. Niliogopa, nikajificha mahali ninapojificha siku zote, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuja kunitafuta.

Kesho yake asubuhi mama na binti walikaa uani hadi saa sita wakizungumza kilugha chao. Mimi sikielewi kilugha hicho. Nilikuwa ndani, natengeneza pasi ya jirani ambayo hakuna aliyeniomba niitengeneze.

Saa sita bokilo aliingia na sahani. Moja tu, fufu ya muhogo na samaki wa ziwa. Nilisimama ili nitoke nje nikale nyuma ya ukuta. Hakuniachia njia. Alitandika mkeka, akaketi, akaweka sahani katikati, akanitazama usoni. Niliona uso wake wote kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na mdomo ni wa Solange kabisa. Akanawa mikono, akanisogezea maji.

"Placide," akasema kwa Kiswahili. "Kuya, tukule."

Nilielewa. Nadhani nilielewa tangu nilipoona sahani ni moja. Nikajaribu kuuzuia uamuzi wake kwa kitu nilichokuwa nacho. "I am not hungry, madam," nikasema. "Thank you. How are you?"

Aliniangalia kwa huruma ambayo sitaki kuiona tena. Akasema, kwa Kiswahili tena, "Kula, mutoto yangu. Njia ya kurudia iko murefu."

Nikakaa kwenye mkeka. Nikachukua tonge, nikageukia ukutani, ili nile kama mkwe anavyokula. Akanigusa begani akasema chakula inapoa, nigeuke. Nikageuka, tukala pamoja.